Hesabu za chuo kikuu ukiwa bado sekondari: A-Level, AP, kozi za mtandaoni au olimpiadi?

Jumamosi moja katika maktaba ya Makadara, msichana wa kidato cha tatu alinisogezea daftari lake. Alikuwa ameazima kitabu cha dadake cha kidato cha nne akajifunza integresheni peke yake. Sheria alikuwa ameishika barabara: ongeza moja kwenye kipeo, kisha gawanya kwa kipeo kipya. x² inakuwa x³/3, x³ inakuwa x⁴/4, mteremko tu. Halafu kwa kiherehere chake, bila kutumwa na mtu, akaijaribu kwa 1/x. Kipeo chake ni −1. Ukiongeza moja unapata sifuri. Haya, gawanya kwa sifuri.

"Mwalimu, sheria imekufa hapa," akasema, akigonga karatasi kwa kalamu.

Nilimwambia amefika ukingoni mwa silabasi ya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari. Integresheni ya KCSE huishia kwenye polinomia, eneo chini ya grafu na ile kanuni ya trapezia. Jibu la swali lake ni logi ya asili (ln), na hilo sisi tuliosoma mfumo wa 8-4-4 tulikutana nalo mwaka wa kwanza chuoni. Juma lililofuata akaja na mamake.

"Tunaomba ushauri, mwalimu," mama akaanza hata kabla ya kuketi. "Huyu anataka kusoma hesabu za chuo. Nimeambiwa kuna A-Level, kuna ya Wamarekani, kuna za bure kwa simu. Mimi nauza nguo Gikomba, hizo zote sizijui. Tushike ipi?"

Nikamuuliza, "Mama, anataka kwenda nazo wapi?" Mama na binti wakatazamana.

Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya wengine wengi wanaoniuliza swali hilohilo kila likizo ya Aprili.

Kwa nini hapa kwetu inabidi uchague

Kenya ilikuwa na kidato cha tano na cha sita. Darasa la mwisho lilifanya mtihani 1989, mwaka uleule KCSE ya kwanza ilipofanywa, na sehemu kubwa ya hesabu zile ikahamia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Ndiyo sababu mzee aliyestaafu anaweza kuchungulia daftari la mjukuu wake anayesoma Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akasema, "Hii sisi tulifanya Form Five." Hadanganyi.

Mlango wa pembeni haupo. Chuo kikuu cha hapa kinakupokea kwa shahada ukiwa na KCSE mkononi, gredi ya wastani C+ au zaidi. Huwezi kuingia darasani kidato cha tatu, ukafanya mtihani wa kalkulasi pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, halafu alama zikakungoja miaka miwili. Marekani hilo ni jambo la kawaida, huku halipo. Kwa hiyo anayetaka kutangulia analazimika kutumia mifumo ya watu wengine, na kila mfumo ulitengenezwa kwa ajili ya mtoto wa nchi nyingine mwenye kalenda nyingine.

Maswali matano

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Inafundisha nini hasa, maana neno "chuo" lina udanganyifu wake. Nani anakusahihisha. Inakula muda gani, na inagongana na nini kwenye kalenda ya shule. Inagharimu nini, ukihesabu bando na nauli. Na karatasi itakayotoka, nani ataitambua. Hilo la mwisho ndilo watu huliuliza wakiwa wameshalipa.

A-Level

Inafundisha nini. A-Level ni mitihani ya mwisho wa sekondari ya mtaala wa Uingereza. Nachukua mfano wa Hisabati ya Cambridge, namba 9709. Karatasi ya 1 ina mengi ambayo mtoto wa KCSE anayajua kwa sura: kwadratiki, mfululizo, trigonometria, difrensiesheni ya mwanzo. Hata mtihani wake una harufu ya nyumbani, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha unatoa M1 kwa njia na A1 kwa jibu, kama wa KNEC, baraza letu la mitihani. Cha kuchekesha ni kwamba silabasi ya Karatasi ya 1 inasema wazi utafanya integresheni ya kila kipeo isipokuwa −1. Yaani shimo la yule msichana wameliona, wakalizungushia ua. Karatasi ya 3 ndiyo inayoondoa ua: 1/x inakuwa logi ya asili, kisha unaitumia ukishavunja sehemu kubwa kuwa ndogondogo, na unapotatua milinganyo ya difrensheli. Juu yake kuna mekaniki au takwimu na probabiliti. Anayetaka zaidi anafanya somo la pili, la hesabu za juu, namba 9231, lenye matriki na uthibitisho kwa induksheni. Ukiyamaliza hayo yote, sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza wa chuo cha hapa utaiona kama marudio.

Nani anakusahihisha. Kama uko kwenye shule ya mtaala wa Uingereza, mwalimu wako. Kama ni mtahiniwa wa kibinafsi, ni wewe, karatasi za miaka iliyopita na miongozo yake, au mwalimu wa tyusheni. Walimu wa tyusheni wa A-Level Nairobi wapo, lakini si kila anayejitangaza amewahi kufundisha Karatasi ya 3. Mpe swali moja la milinganyo ya difrensheli umwangalie anavyolianza.

Muda. Kozi nzima ni ya miaka miwili. Mitihani ya Cambridge hufanywa Mei na Juni, tena Oktoba na Novemba. Ile ya pili inagongana na KCSE uso kwa uso. Pearson Edexcel, bodi nyingine ya mitihani ya Uingereza, ina A-Level ya kimataifa inayokatwa vipande, na vipande hivyo unaweza kuvifanya kimoja kimoja, mwezi Januari ukiwemo. Kwa mtoto wa 8-4-4 Januari ni tarehe nzuri, kwa kuwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba inakuwa ya kujiandaa.

Gharama. Ada ya mtihani hulipwa kwa kila somo, na kituo huongeza yake juu. Lakini inayomaliza mfuko ni tyusheni. Piga hesabu ya saa mbili kwa wiki kwa miaka miwili kabla ya kusema ndiyo. Halafu tafuta kituo mapema, kwani si kila shule inayofundisha A-Level hupokea mtahiniwa wa nje.

Nani ataitambua. Uingereza kwanza. Kwa kawaida KCSE peke yake haikuingizi moja kwa moja kwenye shahada kule, wanataka A-Level au mwaka wa matayarisho. Vyuo vikuu vya Kenya vinaitambua, na vya Marekani vingi pia, vingine hata kukupa krediti, yaani kukuhesabia kozi kana kwamba umeshaifanya chuoni. Ila hapa kuna mtego ambao wazazi huingia macho wazi: chuo cha Uingereza huomba masomo matatu ya A-Level. Hesabu peke yake, hata ukipata A*, ni mguu mmoja wa stuli.

Inamfaa nani. Aliye tayari kwenye mkondo wa IGCSE, mtihani wa Uingereza unaotangulia A-Level, kwake hili si hata swali. Na aliyemaliza KCSE anayelenga Uingereza. Kwa mtoto wa kidato cha tatu wa shule ya bweni anayetaka kuibeba sambamba na masomo manane ya KCSE, mimi huwa natikisa kichwa. Nimewaona wakijaribu. Wanaoweza ni wachache, na hao wachache kwa kawaida hawakuja kuniuliza.

AP

Inafundisha nini. AP ni mitihani ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, ya College Board ya Marekani. Ya kalkulasi iko ya aina mbili. AB ina limiti, difrensiesheni, integresheni na daraja linaloziunganisha. BC ina hayo yote pamoja na mfululizo usio na mwisho na vitu vichache zaidi. Ladha yake ni tofauti na ya A-Level. AP haikuulizi sana ufundi wa kukokotoa, inakuuliza kama unaelewa kinachoendelea. Swali wanalolipenda ni kama la tangi la ploti siku ya mgao: maji yanaingia kwa kasi fulani inayobadilika, wapangaji wanayatumia kwa kasi nyingine, tangi lina kiasi gani saa nne, na ni saa ngapi maji yalikuwa mengi zaidi? Kisha neno linalowaponza wanafunzi wetu: eleza sababu. Mtoto wa KCSE anaandika jibu, anapiga mstari chini, anaendelea. AP inataka sentensi. Ile 1/x utaipata kwenye mambo yanayokua au kupungua kulingana na kiasi chake, na hapo logi ya asili inaingia bila kupiga hodi.

Nani anakusahihisha. Ukiwa nje ya shule ya mtaala wa Kimarekani huna darasa. Ila maswali ya kueleza ya miaka iliyopita yamewekwa wazi mtandaoni pamoja na miongozo ya alama, na Khan Academy ina kozi nzima ya bure inayofuata silabasi hiyohiyo, mazoezi yanasahihishwa papo hapo.

Muda. Mwaka mmoja, tena ukiwa na nidhamu hata miezi minane. Mtihani wenyewe ni saa 3 na dakika 15, maswali 45 ya kuchagua na 6 ya kueleza. Siku hizi ya kuchagua unayajibu kwenye programu ya Bluebook na ya kueleza unayaandika kwa mkono. Hufanywa mwezi Mei, muhula wa pili ukiwa ndio umeanza. Kwa shule ya kutwa unaomba ruhusa ya siku moja. Kwa bweni, mzazi anaandika barua na kuja mwenyewe.

Gharama. Ada ya mtihani mmoja ukiwa nje ya Marekani inapita dola 100, na shule itakayokupokea inaweza kuongeza yake. Shule zinazofanya AP Nairobi ni chache, nyingi zikiwa upande wa magharibi na kaskazini mwa jiji, na usajili hufungwa Novemba kwa mtihani wa Mei. Mwaka mmoja nilichelewa kuuliza, nikapiga simu mwishoni mwa Novemba nikiwa na mwanafunzi aliye tayari kabisa. Sekretari alinijibu kwa upole kwamba orodha ilishafungwa. Kijana akangoja miezi kumi na minane. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma. Piga simu Septemba.

Nani ataitambua. Marekani na Kanada zaidi. Alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi hutoa krediti kwa 4 au 5, na vingine vigumu zaidi: chuo cha MIT hukuruhusu kuruka kalkulasi yao ya kwanza ukipata 5 kwenye BC, AB haiwatoshi. Vingine havitoi krediti kabisa. Vyuo vingi vya Kenya havitakupunguzia kitu.

Inamfaa nani. Anayeomba vyuo vya Marekani na ana nafasi kwenye ratiba. Lakini sikiliza: maafisa wa udahili wa kule hukupima ukilinganishwa na shule uliyotoka. Shule yako isipokuwa na AP, kutokuwa nayo si doa, na Wakenya wenye KCSE pekee wameingia vyuo vikubwa kule mwaka baada ya mwaka. Kama pesa ni ya mtihani mmoja tu, mimi ningeipeleka kwenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya Marekani, kwanza. AP ije ya pili.

Kozi za bure mtandaoni

Inafundisha nini. Hapa ndipo penye hesabu yenyewe ya chuo, bila kupunguzwa. MIT ilitangaza mpango wake wa OpenCourseWare 2001, na mpaka leo mihadhara, mazoezi, mitihani na majibu yake yako wazi kwa yeyote, bila hata kujisajili. Kalkulasi ya kwanza inaitwa 18.01, na mihadhara ya Profesa David Jerison ndiyo niliyomwonyesha yule msichana. Anachofanya na 1/x kilimfanya asimamishe video. Hamwambii kwamba jibu ni logi ya asili akariri. Anageuza mambo: anasema tuchukue eneo chini ya grafu ya 1/x kuanzia 1 na kuendelea, tulipe jina, kisha tuone linafanya tabia gani. Na lile eneo linaanza kufanya kila kitu ambacho logi hufanya: kuzidisha kunageuka kujumlisha, mbele ya macho yako. Logi ambazo kidato cha pili alizisoma kwenye kitabu cha majedwali zikaingia mlangoni kama mgeni aliyemjua zamani.

Anayependa matriki kuliko kalkulasi kuna 18.06 ya Profesa Gilbert Strang, aliyestaafu 2023. Inaweza kuanzwa bila kalkulasi. Mtoto aliyezoea matriki za 2 kwa 2 za kidato cha tatu atashangaa kujua zilikuwa na maana gani muda wote huo.

Nani anakusahihisha. Hakuna. Na hapa ndipo njia hii inapowatupa wengi. Kutazama mhadhara mzuri kunakupa hisia kwamba umeelewa, hisia tamu, na mara nyingi ya uongo. Yule msichana alitazama mihadhara mitano kwa wiki mbili akaja anang'aa. Nikampa swali la pili la zoezi la kwanza. Akaliangalia, akacheka, akaomba arudi wiki ijayo. Tangu hapo tumekubaliana kwamba mhadhara hauhesabiki mpaka zoezi lake liwe limeandikwa kwa kalamu, jibu likafunuliwa mwisho. Mkiwa wawili au watatu mnaokutana kila Jumamosi, mambo huwa mepesi zaidi.

Muda. Wako. Ndiyo uzuri wake na ndiyo ubaya wake. Mwanafunzi wa bweni hana simu muhula mzima, kwa hiyo ana Aprili, Agosti na likizo ndefu. Mihadhara inaweza kupakuliwa ukiwa kwenye Wi-Fi ukaitazama baadaye bila bando, na mazoezi yakapigwa chapa kwenye saiba na kwenda nayo shuleni. Karatasi hakuna mwalimu wa zamu anayeipokonya.

Gharama. Bando, chapa, nauli ya matatu. Basi.

Nani ataitambua. Hakuna cheti wala krediti. Unaweza kuitaja kwenye insha ya maombi, na ukiulizwa swali ukalijibu, hapo itakuwa imekusaidia kuliko cheti. Faida kubwa utaiona baadaye: mwaka wa kwanza chuoni, wenzako wanapokimbizana na kalkulasi ya mhadhiri anayeandika ubao mzima na kuufuta, wewe unasikiliza.

Inamfaa nani. Mwenye kiu ya kweli na asiye na pesa, au mwenye pesa ambaye hajui bado kama anaipenda hesabu au anapenda kusifiwa kwa hesabu. Hapa atajua bila kulipa.

Kozi ya chuo yenye krediti, kutoka nyumbani

Vyuo kadhaa vya Marekani huuza kozi moja moja kwa mtu yeyote. Mfano unaojulikana ni Arizona State University, ambayo ina mpango wa namna hii: unalipa ada ndogo ya kuanza, unasoma, unafanya mitihani, na ukiipenda gredi yako ndipo unalipa ada kubwa ili iandikwe kwenye rekodi ya chuo. Usipoipenda, unaiacha, na hakuna atakayeiona. Kwa mzazi wa Nairobi aliyezoea karo isiyorudishwa, hilo ni jambo la kupendeza.

Inafundisha nini. Soma jina la kozi kwa makini. Kozi inayoitwa Aljebra ya Chuo huko Marekani kwa sehemu kubwa ni kwadratiki, fankisheni, vipeo na logi. Mtoto aliyefanya kidato cha tatu vizuri hapa kwetu ameshayafanya mengi ya hayo. Utakuwa umelipia krediti, na hesabu mpya utapata kidogo. Hakuna ubaya kama krediti ndiyo unayoitaka, mradi ujue unachonunua. Ukitaka kipya, tafuta kozi yenye neno kalkulasi ndani yake.

Nani anakusahihisha. Mfumo, papo hapo, na mara nyingine wasaidizi wa kozi. Mitihani husimamiwa kupitia kamera ya kompyuta.

Muda. Miezi michache, kwa tarehe zao.

Gharama. Ada ya pili ni ya dola na si ndogo. Ongeza kompyuta yenye kamera, intaneti isiyokatika, na stima. Mwanafunzi wangu mmoja wa Umoja alipotelewa na stima katikati ya mtihani. Alikubaliwa kurudia, lakini baada ya barua pepe nne na usiku mbili bila usingizi. Siku ya mtihani nenda mahali penye jenereta.

Nani ataitambua. Chuo chenyewe, na vingine vya Marekani kulingana na sera zao. Uliza chuo unachokilenga kabla ya kulipa ile ada ya pili.

Inamfaa nani. Mwenye familia inayoweza kulipa, anayejua anaenda Marekani, tena kwenye chuo ambacho krediti hupunguza karo. Pia waliomaliza KCSE Novemba na wanangoja chuo mpaka Agosti au Septemba. Miezi hiyo tisa watu wengi huipoteza.

Olimpiadi

Wengi huja kuuliza kuhusu hesabu za chuo wakati wanachokitaka kwa kweli ni hesabu ngumu. Hivyo ni vitu viwili.

Inafundisha nini. Olimpiadi haihitaji kalkulasi. Ni aljebra, jiometria, nadharia ya namba na hesabu za mpangilio. Chukua ile 1/x tena, lakini kwa namba nzima tu. 1 + 1/2 ni 1.5. Ongeza 1/3 unapata kama 1.833. Ongeza 1/4 unapata kama 2.083. Thibitisha kwamba hata ukiendelea mpaka kesho kutwa, hutapata tena namba nzima. Kalkuleta haikusaidii hapa. Mwanzo wa jibu ni kuangalia namba za chini za zile sehemu na kuuliza ni ipi inayogawanyika kwa 2 mara nyingi zaidi. Nilipoliacha swali hilo ubaoni Jumamosi moja, kulikuwa na watoto wa kidato cha pili waliolijibu na wa kidato cha nne waliolikimbia.

Nani anakusahihisha. Wenzako na walimu kwenye makambi, ukifika huko. Kabla ya hapo, ni kitabu na jirani mwenye ugonjwa kama wako.

Muda. Miaka. Na umri unakusubiri mlangoni: kwenye olimpiadi ya kimataifa lazima uwe chini ya miaka 20 na hujaanza chuo. Pale ni maswali sita kwa siku mbili, saa nne na nusu kila siku, kila swali alama 7.

Gharama. Ndogo mno, mpaka uchaguliwe kusafiri.

Nani ataitambua. Vyuo vyenye ushindani mkubwa duniani vinaijua vizuri. Kenya hutuma timu nje, na olimpiadi ya Afrika nzima ilifanyika hapahapa Nairobi 2018. Mtu akifika hatua hiyo hahitaji kueleza mengi. Asipofika, hana karatasi, ila kichwa kimenolewa.

Inamfaa nani. Anayeweza kukaa na swali moja siku tatu bila kulichukia, hasa akianza mapema, Gredi ya 9 au ya 10.

Kulingana na hali yako

Uko bweni, kidato cha tatu, hesabu yako ni B. Acha zote nne za mwanzo kwa sasa. Uhandisi na akchuaria (hesabu za bima) hapa nchini huangalia gredi yako ya hesabu ya KCSE, na hakuna cheti cha nje kitakachoifunika B hiyo. Likizo ndefu ikifika, jaribu mihadhara mitatu ya 18.01 na mazoezi yake, uone.

Una A ya hesabu isiyotikisika na unalenga chuo cha hapa. Mtandao wa bure unakutosha, au olimpiadi kama una muda. Kulipia AP au A-Level kwa ajili ya Chiromo au Juja ni kununua mwavuli wa kuogelea.

Unalenga Marekani kwa ufadhili. SAT, gredi za shule, kisha AP kama kuna pesa na kituo. Kozi ya krediti iwe ya mwisho kwenye orodha.

Unalenga Uingereza. Maliza KCSE kwanza, kisha ukae na wazazi mpige hesabu ya A-Level tatu dhidi ya mwaka mmoja wa matayarisho. Usianze na hesabu peke yake ukidhani mengine yatajipanga.

Uko CBE, mtaala mpya uliochukua nafasi ya 8-4-4, uliingia Gredi ya 10 Januari 2026 au nyuma yake. Chagua Hisabati ya Msingi Mkuu (Core Mathematics), ile inayokwenda na mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, usije ukajikuta kwenye hesabu nyepesi halafu unaota kalkulasi. Mwaka wa kwanza tulia shuleni. Darasa la mwisho la KCSE litafanya mtihani 2027, na baada ya hapo vyuo vya nje navyo vitahitaji muda kuizoea karatasi yako mpya. Kwako wewe mtihani unaotambulika nje, kama AP au A-Level, unaweza kuwa na uzito zaidi kuliko ulivyokuwa kwa dada zako.

Na kama bado hujui, fanya hivi Jumamosi hii, bila kalkuleta na bila mtu. Kamilisha mraba wa x² − 6x + 2. Fanya r kuwa mada ya fomula kwenye V = (1/3)πr²h. Chora grafu ya 1/x kuanzia 1 mpaka 4, kisha ukadirie eneo lililo chini yake kwa trapezia tatu. Ukipata kama 1.46, ujue jibu kamili linakaribia 1.386. Ukitamani kujua ni kwa nini trapezia zimezidisha, fungua 18.01 leo jioni. Ukikwama kwenye kukamilisha mraba, rudi kidato cha tatu wiki mbili, hakuna anayekuhesabia.

Yule msichana alikadiria kwa trapezia tatu akapata 1.46, akarudia kwa sita akapata 1.41, kisha akaniuliza kama anaweza kuweka mia moja. Mamake alikuwa akimngoja nje na mfuko wa nguo. Tulikubaliana hatalipia chochote mpaka Desemba.